Tingatinga: Fundi wa Msasani aliyewaachia ndugu zake kazi

Chui amejaa ubao mzima. Mkia umekunjwa kuelekea juu usije ukakatwa na ukingo, miguu imepangwa mmoja mmoja kama ya mnyama anayenyata, na macho mawili ya duara yanamtazama anayeangalia picha, si njia anayoiendea. Nyuma yake hakuna msitu wala mlima. Kuna rangi moja tu, iliyopakwa kwa usawa kutoka pembe hadi pembe, na pembezoni herufi kubwa: E.S. TINGATINGA.

Edward Saidi Tingatinga alichora picha za namna hiyo kwa takriban miaka minne tu, kuanzia mwaka 1968 hadi alipouawa kwa risasi mwaka 1972. Alikuwa na umri wa miaka 40. Zaidi ya nusu karne imepita, na jina lake linatajwa kila siku na wauza picha wa Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha na Nairobi, na watu wengi wanaolitaja hawajui kama lilikuwa la mtu. Wengine wakisikia kwamba ni la mtu, hudhani alikuwa mchoraji aliyesomea, mwenye chumba chake cha kazi na mfadhili wa kizungu. Tingatinga alikuwa kibarua, fundi wa kujifunza mwenyewe, mume wa Agatha Mataka na baba wa watoto wawili, Daudi na Martina. Sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu naamini ndiyo iliyoifanya kazi yake isife naye.

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho leo ni Nakapanya, wilayani Tunduru, mkoa wa Ruvuma, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wa jembe la mkono. Leo lami imefika Nakapanya na korosho zinasombwa kwa malori, lakini kijana wa Tunduru wa miaka ya 1940 na 1950 aliishi mahali ambapo mvua ikinyesha, nchi ilikuwa imekwisha kukatika. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Shule zilikuwa chache, na fedha ya kodi ilikuwa lazima ipatikane. Njia iliyobaki ilikuwa ile waliyoipita maelfu ya vijana wa Kusini: kwenda kaskazini kutafuta kazi ya mkonge.

Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa mkonge, na Tanga ndiyo iliyokuwa kitovu chake. Tingatinga alikwenda huko miaka ya 1950. Kazi ya shambani ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi ambayo mtu aliijaza siku baada ya siku kabla ya kulipwa. Unakata majani yenye miiba nchani, unayafunga mafungu, unayabeba hadi penye reli ya shamba, na kesho unarudia. Wazee waliopitia mashamba hayo wana makovu mikononi na kwenye miguu. Nayataja haya kwa sababu mara nyingi simulizi za Tingatinga hurukia brashi na rangi, kana kwamba alianza kuishi alipoanza kuchora. Kabla ya brashi alikuwa ameshafanya kazi ngumu kwa miaka mingi, na alijua vizuri kwamba mwili wa mtu una mwisho wake.

Mwaka 1959 aliiacha Tanga akaja Dar es Salaam. Kama kijana yeyote wa Kusini, alifikia kwa ndugu. Mji wa wakati huo ulipokea wageni wake kwa njia hiyo: anayetangulia anamkaribisha anayefuata, anamgawia nusu ya mkeka, anamtafutia kibarua kwa bwana wake au kwa jirani wa bwana wake. Tingatinga alipata kazi ya bustani nyumbani kwa ofisa mmoja Mwingereza. Uhuru ulipokuja Desemba 1961, Waingereza wengi walifunga mizigo, na watumishi wao wakabaki kutafuta pengine. Yeye akahamia kwenye vibarua vya mjini, na ujenzi ukiwa mmojawapo, akijishikiza huku na kule, akiishi Msasani Mikoroshoni. Baadaye alipata pia kazi katika hospitali ya Muhimbili.

Huyu ndiye mtu aliyechukua kipande cha hadibodi na kukipaka rangi. Ukijua alikotoka, vifaa vyake havitakushangaza. Turubai la wachoraji hakulijua, na hata angelijua asingeweza kulinunua. Alichokijua ni mbao za silingi, zile zinazopigiliwa chini ya paa kufunika kenchi, ambazo kwenye ujenzi hubaki vipande. Alizikata za mraba, futi mbili kwa futi mbili hivi, na kipimo hicho kimekuwa alama ya picha zake. Rangi ilikuwa ya mafuta, ya makopo ya duka la vifaa vya ujenzi, ileile inayopakwa milango na baiskeli.

Rangi hiyo ina tabia zake, na anayetaka kuielewa picha ya Tingatinga aanze na tabia hizo. Ni nzito na inang'aa. Ukisimamisha ubao inachuruzika, kwa hiyo mchoraji hulaza ubao mapajani au sakafuni akauinamia, na hadi leo wachoraji wengi wa mtindo huu hukaa chini na picha imelala mbele yao. Ukiacha kopo wazi, rangi inaota utando juu na inabidi uuondoe kwa kijiti. Inakauka polepole, tena haipendi kuchanganywa na mwenzake ikiwa mbichi, maana nyekundu na nyeupe zikigusana kabla ya wakati hupati waridi safi, unapata tope. Kwa hiyo unapaka rangi ya nyuma leo, unaiacha ilale, kesho unaweka mwili wa mnyama, unasubiri tena, kisha unakuja na madoa, mistari na ukingo mweupe. Kivuli kinachofifia taratibu kama cha picha za Ulaya hakiwezekani kirahisi, na yeye hakukihitaji. Aliweka rangi kando ya rangi, doa kando ya doa, kila kitu na mpaka wake. Wahakiki wameyaita hayo ubunifu wa kitoto. Mimi naona fundi aliyeisoma rangi yake hadi akaimaliza, akafanya yale inayoyaweza na kuachana na isiyoyaweza.

Madoa ya chui yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika picha zake bora hayakutupwa ovyo. Yanafuata mwili: makubwa ubavuni, yanapungua kuelekea miguuni na usoni, na mara nyingi kila doa lina rangi ya pili ndani yake. Hiyo ni kazi ya ncha ya brashi iliyochovywa kidogo, ikaguswa, ikainuliwa, mara mia na zaidi kwenye picha moja, kwa mkono usiotetemeka. Aliyejaribu kupaka rangi ya mafuta dirishani bila kuchafua kioo anajua ni kazi ya namna gani.

Mtindo ulitoka wapi? Ubishi upo na hautakwisha. Wapo wanaokumbusha kwamba Dar es Salaam ya miaka ya 1960 ilikuwa na picha za wachoraji wa Kongo zikiuzwa mitaani, na kwamba Tingatinga aliziona zikinunuliwa akajiambia na yeye anaweza. Wapo wanaotazama Kusini, kwenye kuta za udongo za nyumba za Wamakua na Wamakonde zilizokuwa zikipambwa kwa michoro ya wanyama na watu. Sioni sababu ya kuchagua upande. Mtu anaweza kupata wazo la biashara mjini na akalijaza na alichokiona utotoni kwenye ukuta wa nyumba ya jirani. Mafundi wote hufanya hivyo.

Soko lilikuwa Oysterbay. Mtaa huo uliokuwa wa wakoloni ulikuwa sasa na mabalozi, wataalamu wa misaada na wageni wengine, na wengi wao walifanya manunuzi yao Morogoro Stores. Nje ya duka hilo ndipo picha zilipopangwa chini, na aliyesimama nazo kuziuza alikuwa Agatha. Walioana mwaka 1970. Vitabu vingi vinamtaja mama huyu kwa mstari mmoja, na kwangu huo ni upungufu mkubwa. Mchoraji mwenye ajira Muhimbili hawezi kuwa barazani kutwa nzima akingoja wateja. Anahitaji mtu wa kukaa na mali, anayejua bei ya chini kabisa ambayo familia inaweza kuivumilia, anayeangalia uso wa mteja na kukumbuka kwamba juzi aliulizia twiga, si kiboko. Habari za soko zilirudi Msasani zikiwa mikononi mwa mke pamoja na fedha ya unga, na zilisaidia kuamua kitakachochorwa wiki inayofuata. Picha hizo zilikuwa riziki ya nyumba, na nyumba nzima ilizifanyia kazi.

Biashara ilipochanganya, Tingatinga hakuweza kuimudu peke yake. Kampuni ya umma iliyokuwa ikishughulikia sanaa nayo ilianza kununua picha zake. Hapo alifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko picha yoyote aliyoiacha: aliita ndugu. Majina yao yako kwenye kumbukumbu za sanaa za nchi hii. Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata, Ajaba Abdallah, Omari Amonde. Karibu wote walikuwa jamaa zake wa upande mmoja au mwingine, au watu wa nyumbani kule Kusini. Wamakua wa huko huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana wajibu kwa watoto wa dada yake ambao hawezi kuukwepa kwa kisingizio cha maisha magumu ya mjini. Mpwa akija, anakula. Akishakula, anapewa kazi.

Alifundisha jinsi fundi wa ujenzi anavyomfundisha saidia fundi. Hakukuwa na somo. Kijana anakata ubao, anapiga msasa kingo, anapaka rangi ya nyuma. Akiweza kupaka bila kuacha michirizi, anapewa kujaza mwili ambao mwalimu ameshauchora. Akiweza hilo, anapewa madoa. Mwisho anachora mwenyewe mnyama mzima, na mwalimu anamtazama bila kusema mengi. Kwa njia hii mtu asiyejua kusoma vizuri, asiyewahi kushika penseli, aliweza ndani ya muda mfupi kutoa picha inayouzika. Mtindo wenyewe ulikuwa mwepesi kurithishwa kwa sababu ulijengwa kwa hatua zinazotenganishwa: nyuma, mwili, madoa, ukingo. Sijui msanii mwingine wa Afrika Mashariki wa wakati ule ambaye sanaa yake iligawanyika vizuri hivyo mikononi mwa wengi bila kupoteza sura yake.

Inawezekana kabisa hakuwa na fikra ya kuanzisha shule. Alikuwa na wapwa na mashemeji wasio na kazi. Lakini matokeo ni yaleyale.

Mwaka 1972 ulimkuta akiwa na mke kijana, watoto wawili wadogo, ajira, na wanafunzi wasiopungua vidole vya mkono mmoja waliokuwa wameanza kusimama wenyewe. Usiku mmoja alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake. Polisi walilidhania kuwa gari la wahalifu wanaotoroka, wakalifyatulia risasi. Tingatinga akafa. Habari yake imeandikwa mara nyingi kwa ufupi huo, na sina la kuongeza isipokuwa kwamba inaniuma kila ninapoisoma. Mtu aliyetoka Tunduru, akapita kwenye mkonge, bustani za watu na vibarua vya mjini, na mwishowe akapata kazi anayoipenda na inayomlisha, aliuawa kwa kosa la kudhaniwa. Agatha alibaki mjane baada ya miaka miwili ya ndoa.

Mtu angetarajia mambo yaishie hapo, kwa sababu wengi wa mafundi wetu hufa na kazi zao. Fundi cherehani maarufu wa mtaa akifa, vitambaa vya wateja hugawanywa na mashine huuzwa. Waliobaki Msasani walijua hatua zote, na walikuwa na familia za kulisha. Wakaendelea. Walikaa barazani Morogoro Stores, wakachora palepale wanapouzia, wakawaita nao ndugu zao, na hao wakawaita wengine. Mwaka 1990 walisajili chama cha ushirika, Tingatinga Arts Co-operative Society, ambacho makao yake yako Oysterbay, palepale ambapo Agatha alikuwa akiuza. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wachoraji wake wametoka katika vijiji vya Tunduru, Nakapanya na Ngapa vikiwa mbele. Kijiji ambacho zamani kilipeleka vijana kwenye mkonge kikaanza kuwapeleka kwenye brashi.

Simon Mpata alivuka mpaka akaenda kufanya kazi Nairobi. Picha zake ziliwapendeza sana Wajapani, na hoteli moja ya Kijapani huko Maasai Mara, Mpata Safari Club, imebeba jina lake. Kutoka Msasani Mikoroshoni hadi Mara ni safari ndefu. Wengine waliobaki walipanua mtindo. Walioingia baadaye, kama Mohamed Charinda, walijaza ubao watu badala ya mnyama mmoja: vijiji, misiba, ngoma, habari za kale. David Mzuguno aliichukua misitu na ndege wake akavijaza rangi mpaka jicho halina pa kupumzika. Hadibodi ikaachwa, nafasi yake ikachukuliwa na kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, kwa sababu mgeni anaweza kukivua, akakikunja na kukitia kwenye begi la ndege. Rangi ya makopo haikuachwa. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama kwenye televisheni katuni iliyoitwa Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi, na simba na tembo wake walikuwa na madoa na macho ya duara yaliyoanzia Msasani.

Wapo wanaoidharau kazi hii. Wanasema ni sanaa ya watalii, kwamba twiga na Kilimanjaro vinarudiwarudiwa mpaka vinachosha, kwamba mchoraji wa kweli huchora kinachomsumbua rohoni. Nimezitazama picha nyingi za barabarani, na ni kweli zipo zilizochorwa kwa haraka na bila upendo. Lakini hoja yenyewe siikubali. Wanaosuka vikapu hawaulizwi kama kikapu cha leo kinafanana na cha jana. Mchonga milango wa Lamu harudishwi nyumbani kwa sababu ametumia ua ambalo babu yake alilichonga. Tunawasifu kwa kuishika kazi. Tingatinga alikuwa wa ukoo huo wa mafundi, na waliomfuata pia. Kati ya picha mia za twiga, inapatikana moja ambayo shingo yake imepindwa kwa namna ambayo hujawahi kuiona, na fundi aliyeipinda alifika hapo kwa kuwa alishachora zile tisini na tisa.

Malalamiko ninayoyaona ya haki ni mengine. Picha za mwenyewe Tingatinga ni chache na sasa ni ghali, kwa hiyo watu wasio waaminifu wanaandika E.S. TINGATINGA kwenye picha ambazo hakuzigusa, na hilo linawaibia warithi wake pamoja na wachoraji walio hai. Nyingi ya zile za kweli ziko Ulaya na Japani, mikononi mwa watu binafsi na kwenye makumbusho. Zilinunuliwa kihalali, nyingi barazani, kutoka kwa Agatha, na zimetunzwa vizuri. Bado inasikitisha kwamba mtoto wa shule ya msingi wa Nakapanya anaweza kumaliza darasa la saba bila kuona hata picha moja iliyochorwa na mkono wa mtu wa kijiji chake. Wilaya ya Tunduru inaweza kulirekebisha hilo bila fedha nyingi: chumba kimoja, nakala nzuri kumi, na wazee wachache wanaowakumbuka jamaa zake waalikwe kusimulia.

Daudi na Martina walikua, na wote wawili wakashika brashi. Hawakuwa na nafasi ya kufundishwa na baba yao, kwa kuwa walikuwa wadogo mno alipofariki. Walifundishwa na watu wa baba yao, wale aliowapa ubao, rangi na nafasi ya kuketi.